Historia ya uongozi katika Bonde la Kilombero

Historia ya uongozi katika Bonde la Kilombero inahusu watu na vyombo vilivyotawala eneo la Ifakara, Mahenge, Malinyi na Mlimba, kusini mwa Mkoa wa Morogoro nchini Tanzania, kuanzia nusu ya pili ya karne ya 19 hadi leo. Katika muda huo eneo limepita mikononi mwa watemi, maofisa wa Kijerumani, mabwana shauri wa Kiingereza, makatibu wa TANU, wakuu wa wilaya na halmashauri za kuchaguliwa. Jambo moja limejirudia katika vipindi vyote: swali la makao makuu yawe wapi, mlimani Mahenge au bondeni Ifakara, na mto unaotenganisha sehemu hizo mbili umechangia sana jibu lake.

Mazingira

Bonde liko kati ya milima ya Udzungwa upande wa kaskazini-magharibi na nyanda za juu za Mahenge upande wa kusini-mashariki. Mto Kilombero, ambao sehemu yake huitwa pia Ulanga, hupita katikati na kuungana na Luwegu kufanya Mto Rufiji. Wakati wa masika maji hutoka mtoni na kufunika mbuga kwa kilomita nyingi. Mwaka 2002 ardhioevu hiyo, yenye eneo la karibu kilomita za mraba 8,000, iliingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar.

Ifakara iko upande wa kaskazini wa mto, karibu na mahali pa kuvukia. Mahenge iko ng'ambo, juu mlimani, umbali wa takriban kilomita 70. Anayesoma habari za utawala wa eneo hili afadhali awe na ramani mbele yake, kwa sababu kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 mwananchi wa Ifakara au Mang'ula aliyekuwa na shauri la wilaya alilazimika kuvuka mto na kupanda mlima.

Kabla ya ukoloni

Wandamba ndio wanaohesabiwa kuwa wenyeji wa mabondeni. Waliishi kwa uvuvi, kilimo cha mpunga na kazi ya mitumbwi, na uongozi wao ulikuwa wa koo na vijiji, bila mtawala mmoja juu ya wote. Hali ilifanana na hiyo kwa Wapogoro wa nyanda za Mahenge.

Katika nusu ya pili ya karne ya 19 waliingia watu wenye desturi ya kijeshi. Wambunga, ambao asili yao inaunganishwa na misafara ya Wangoni kutoka kusini, walikaa sehemu za Ifakara na kuwatawala baadhi ya Wandamba. Upande wa magharibi wa bonde walishuka Wabena kutoka nyanda za juu, wakati vita kati ya Wahehe, Wangoni na Wabena vilipopamba moto. Walijenga utawala wenye makao Utengule, chini ya mtema, na wakaja kujulikana kama Wabena wa mitoni, tofauti na ndugu zao wa Njombe.

Kwa hiyo Wajerumani walipofika walikuta bonde lenye tawala za aina mbili. Mtema wa Wabena alikuwa na maofisa wake, kodi yake na askari wake. Wandamba na Wapogoro walikuwa na wazee wa ukoo. Wakoloni wa kwanza na wa pili walipenda zaidi kufanya kazi na utawala wa aina ya kwanza, na upendeleo huo uliacha alama kwa zaidi ya miaka 60.

Boma la Mahenge

Vita vya Wajerumani dhidi ya Mkwawa wa Uhehe, vilivyokwisha kwa kifo chake mwezi Julai 1898, viliwapa watawala wa bonde nafasi ya kuchagua upande. Kiwanga, mtema wa Wabena wa mitoni, aliyekuwa na uadui wa muda mrefu na Wahehe, alishirikiana na Wajerumani. Alitambuliwa nao kuwa "sultani", cheo ambacho Wajerumani waliwapa machifu wengi wa bara hata pale ambapo hapakuwa na usultani wowote.

Wajerumani waliweka kituo chao cha kijeshi Mahenge. Mahali palikuwa na hewa ya baridi, mbu wachache na ngome ya asili ya milima. Wilaya nzima ikaitwa Mahenge, na mkuu wake hakuwa raia bali ofisa wa jeshi la kikoloni, Schutztruppe, aliyewajibika kwa gavana huko Dar es Salaam. Chini yake walikuwapo maakida na majumbe waliosimamia kodi na kazi za lazima.

Vita vya Maji Maji vilipoanza Umatumbi mwezi Julai 1905, wakati Gustav Adolf von Götzen alipokuwa gavana, boma la Mahenge lilikuwa chini ya kapteni Theodor von Hassel. Tarehe 30 Agosti 1905 maelfu ya wapiganaji, wengi wao Wambunga na Wapogoro, walishambulia boma wakiamini kwamba maji ya dawa yangewakinga. Bunduki za mtombo ziliwaua wengi sana siku hiyohiyo. Boma lilizingirwa hata hivyo mpaka mwezi Septemba, kikosi cha Ernst Nigmann kilipofika kutoka Iringa. Kiwanga na watu wake walikuwa upande wa Wajerumani.

Baada ya mapigano Wajerumani walichoma vijiji na kuharibu vyakula ili kuwalazimisha watu kusalimu amri, na njaa iliyofuata iliua wengi kuliko risasi. Kisiasa, matokeo yalikuwa kwamba viongozi waliokuwa na wafuasi wao wenyewe upande wa waasi waliondolewa, na ukoo wa Kiwanga ukabaki na nafasi yake. Si sahihi kusema, kama inavyosemwa mara nyingine, kwamba bonde zima lilipigana upande mmoja.

Katika Vita vya Kwanza vya Dunia Mahenge ilikuwa moja ya ngome za mwisho za Wajerumani katika sehemu hii ya nchi. Ilitekwa na majeshi ya Wabelgiji tarehe 9 Oktoba 1917, kisha ikawa chini ya Waingereza.

Utawala wa Kiingereza

Gavana wa kwanza wa Tanganyika, Horace Byatt, aliendelea na mgawanyo wa wilaya alioukuta. Mabadiliko makubwa yaliletwa na Donald Cameron, gavana kuanzia 1925 hadi 1931, aliyeanzisha utawala usio wa moja kwa moja. Kwa sheria ya mwaka 1926 machifu walipewa mamlaka za wenyeji, mahakama na hazina zao. Nchi iligawanywa katika majimbo, na kwa muda mfupi Mahenge ikawa makao ya jimbo lake lenyewe. Hicho ndicho cheo cha juu kabisa ambacho mji wowote wa eneo hili umewahi kukipata. Majimbo yalipopunguzwa katika miaka ya 1930 heshima hiyo iliondoka, na wilaya, ambayo baadaye iliitwa Ulanga, ikawa sehemu ya Jimbo la Mashariki.

Shida ya mpango wa Cameron katika bonde hili ilikuwa dhahiri: ulihitaji machifu, na watu wengi wa huko hawakuwa nao. Kwa Wabena mambo yalikuwa rahisi. Mtema Towegale Kiwanga alitambuliwa kuwa mamlaka ya wenyeji, akashirikiana na ofisa wa wilaya A. T. Culwick na mke wake G. M. Culwick walioandika kitabu juu ya Wabena wa mitoni kilichotolewa mwaka 1935. Kitabu hicho bado kinatumiwa na wanahistoria. Msomaji akumbuke tu kwamba kiliandikwa na mtawala kwa msaada wa mtawala mwingine, hivyo kinaeleza zaidi jinsi bonde lilivyoonekana kutoka kwa mtema kuliko kutoka mtumbwini kwa Mndamba. Kwa Wapogoro, Wandamba na Wambunga serikali ilibidi iwateue viongozi na kuwaita machifu, na madaraka yao yalitegemea boma kuliko mila.

Uamuzi wa serikali uliogusa maisha ya watu wengi zaidi katika kipindi hiki haukuwa wa vyeo bali wa makazi. Katika miaka ya 1940, kwa sababu ya kuenea kwa malale yanayosababishwa na mbung'o, familia zilizokuwa zimetawanyika mabondeni na msituni zilihamishiwa katika makazi ya pamoja. Baadhi ya maeneo yaliyoachwa yaliingia katika hifadhi ya wanyama ya Selous. Machifu walitumiwa kusimamia uhamisho huo, jambo ambalo halikuwaongezea kupendwa.

Ifakara wakati huo ilikuwa inakua kwa njia nyingine. Wamisionari Wakapuchini kutoka Uswisi walifika baada ya Wabenedikto Wajerumani kuondolewa, na hospitali ya misheni, ambayo leo ni Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, ikawa kubwa kuliko huduma yoyote ya serikali ya karibu. Mwaka 1957 Rudolf Geigy wa Basel alianzisha maabara ya utafiti wa magonjwa ya tropiki, ambayo baada ya mabadiliko kadhaa ndiyo Taasisi ya Afya Ifakara. Mji ulipata umaarufu wa kimataifa kabla haujapata hata ofisi ya mkuu wa wilaya.

Uhuru na mwisho wa machifu

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Majimbo ya Kiingereza yalibadilishwa kuwa mikoa, na Ulanga ikawa wilaya ya Mkoa wa Morogoro. Wakuu wa mikoa na wakuu wa wilaya wakawa wateule wa kisiasa, waliokuwa pia viongozi wa TANU katika maeneo yao. Mwaka 1963 madaraka ya machifu yalifutwa kwa sheria nchini kote, na kwa hatua hiyo utema wa Utengule ulikoma kuwa sehemu ya serikali.

Mwaka 1972 serikali ya Julius Nyerere ilifuta halmashauri za wilaya katika mpango ulioitwa Madaraka Mikoani. Jina lilidokeza kwamba madaraka yanashuka kwa wananchi, lakini kwa vitendo halmashauri za kuchaguliwa ziliondoka na watumishi wa serikali kuu wakashika mipango yote ya maendeleo mikoani na wilayani. Katika miaka hiyohiyo Operesheni Vijiji iliwahamisha watu kwenda vijiji vya ujamaa. Kwa wazee wa Kilombero ilikuwa mara ya pili katika maisha yao kuambiwa na serikali wabomoe nyumba na kukaa pamoja.

Kuzaliwa kwa Wilaya ya Kilombero

Mambo mawili yalihamisha uzito kutoka mlimani kwenda bondeni. La kwanza ni kiwanda na mashamba ya sukari ya Kilombero, yaliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 karibu na Kidatu na kuvuta wafanyakazi kutoka kila pembe ya nchi. La pili ni reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975. Reli ilipita upande wa kaskazini wa mto, ikawapa Ifakara na Mlimba stesheni, na Mahenge ikabaki bila kitu. Mwaka 1975 pia ulianza kuzalishwa umeme katika bwawa la Kidatu.

Katikati ya miaka ya 1970 Wilaya ya Ulanga iligawanywa. Sehemu ya kaskazini ya mto ikawa Wilaya ya Kilombero yenye makao makuu Ifakara, ikiwa na tarafa za Kidatu, Mang'ula, Ifakara, Mngeta na Mlimba. Ulanga ilibaki na Mahenge pamoja na ardhi kubwa ya kusini na magharibi, ikiwemo Malinyi. Kwa mara ya kwanza mto ukawa mpaka wa wilaya, na mwananchi wa Ifakara akaacha kuvuka pantoni kwenda kumwona mkuu wake.

Hesabu za watu zinaonyesha tofauti iliyojitokeza. Sensa ya 2002 ilikuta watu 322,779 Kilombero na 194,209 Ulanga. Mwaka 2012 walikuwa 407,880 na 265,203.

Halmashauri za wilaya zilirudishwa kwa sheria za mwaka 1982 na kuanza kazi mwaka 1984. Tangu hapo kila wilaya ina ngazi mbili zinazofanya kazi bega kwa bega, na wanafunzi wengi huzichanganya. Mkuu wa wilaya huteuliwa na Rais, humwakilisha katika eneo lake na huongoza kamati ya usalama. Mkurugenzi wa halmashauri naye huteuliwa na Rais, lakini ndiye mtendaji wa baraza la madiwani. Madiwani huchaguliwa na wananchi katika kata, na wao humchagua mwenyekiti wa halmashauri. Mbunge huchaguliwa na wananchi wa jimbo na huingia pia katika baraza la madiwani.

Wateule huhamishwa mara kwa mara. Evarist Ndikilo, kwa mfano, alikuwa mkuu wa Wilaya ya Kilombero kabla ya kuwa mkuu wa mkoa huko Mwanza na kwingineko. Faida ya utaratibu huu ni kwamba mkuu wa wilaya hana ukoo wala shamba la kutetea. Hasara yake huonekana katika migogoro ya ardhi, ambayo huchukua miaka mingi kuliko muda wa mteule yeyote. Mgogoro mkubwa kuliko yote katika bonde, ule kati ya wakulima, wafugaji waliohamia kutoka kaskazini na magharibi mwa nchi na mamlaka za hifadhi, ulifikia kilele mwishoni mwa 2012 wakati serikali ilipoendesha operesheni ya kuondoa mifugo katika ardhioevu ya Kilombero na Ulanga.

Wabunge na uchaguzi wa 2015

Chama cha Mapinduzi (CCM) kilishika majimbo ya bonde kwa muda mrefu. Jimbo la Kilombero lilikuwa na Castor Ligallama kuanzia 2005 na Abdul Mteketa kuanzia 2010. Ng'ambo ya mto, Ulanga Magharibi ilimchagua Haji Mponda, aliyekuwa Waziri wa Afya kati ya 2010 na 2012. Ulanga Mashariki ilimchagua Celina Kombani mwaka 2005. Kombani alishika wizara yenye kusimamia serikali za mitaa, kisha Katiba na Sheria, na mwishowe Utumishi wa Umma. Ndiye mwanasiasa wa bonde aliyefika juu zaidi serikalini katika kipindi hicho. Alifariki tarehe 24 Septemba 2015, mwezi mmoja kabla ya uchaguzi, na upigaji kura wa ubunge katika jimbo lake ukaahirishwa.

Uchaguzi wa Oktoba 2015 ulivunja mazoea upande wa kaskazini. Jimbo la Kilombero lilikuwa limegawanywa kuwa Kilombero na Mlimba, na yote mawili yalichukuliwa na CHADEMA: Peter Lijualikali Kilombero na Susan Kiwanga Mlimba. Kusini ya mto CCM ilibaki na Ulanga, iliyokwenda kwa Goodluck Mlinga, na Malinyi, iliyokwenda kwa Mponda.

Kumpata mwenyekiti wa halmashauri kulikuwa kugumu zaidi kuliko kuwapata wabunge. Mkutano wa uchaguzi huo mwaka 2016 ulikumbwa na vurugu, na Lijualikali akashtakiwa. Januari 2017 mahakama ya wilaya ilimhukumu kifungo cha miezi 6 bila faini. Mwezi Machi mwaka huohuo Mahakama Kuu ilimwachia huru. Mwaka 2020 alihamia CCM, na mwaka 2021 aliteuliwa kuwa mkuu wa Wilaya ya Nkasi mkoani Rukwa. Kwa njia hiyo alifika serikalini kwa mlango wa uteuzi, mbali na wapiga kura wa nyumbani kwake. Katika uchaguzi wa 2020 CCM ilirudisha majimbo yote manne kupitia Abubakar Asenga (Kilombero), Godwin Kunambi (Mlimba), Salim Hasham (Ulanga) na Antipas Mgungusi (Malinyi).

Migawanyo mipya

Tangu katikati ya miaka ya 2010 bonde limekatwa tena. Malinyi ilitengwa na Ulanga kuwa wilaya kamili. Ifakara, iliyokuwa mji mdogo chini ya halmashauri ya wilaya, ilipata Halmashauri ya Mji inayojitegemea. Hapo likazuka tatizo la ajabu kidogo: Halmashauri ya Wilaya ya Kilombero ikawa na ofisi katika mji ambao si wake tena. Hatimaye makao yake yalipelekwa Mngeta, na halmashauri yenyewe ikapewa jina la Mlimba. Jina la Kilombero limebaki kwa wilaya na kwa jimbo la uchaguzi, ila hakuna tena halmashauri inayoitwa hivyo.

Mto nao umepoteza sehemu ya nguvu zake za kutenganisha. Januari 2016 kivuko cha MV Kilombero II kilipinduka karibu na Ifakara wakati ujenzi wa daraja la kukirithi ulikuwa unaendelea. Daraja hilo, lenye urefu wa mita 384, lilifunguliwa na Rais John Magufuli mwezi Mei 2018 na linaitwa kwa jina lake. Safari ya Ifakara hadi Mahenge haisubiri tena pantoni, ingawa barabara za ndani kuelekea Malinyi na Mlimba bado hukatika wakati wa mvua kubwa.

Mkoa umebaki mmoja, na makao yake ni mji wa Morogoro. Waliouongoza katika miaka ya karibuni ni pamoja na Joel Bendera, Rajab Rutengwe, Kebwe Stephen Kebwe (kuanzia 2016), Loata Ole Sanare (2019), Martine Shigela (2021), Fatma Mwassa (2022) na Adam Malima (2023). Chini ya mkuu wa mkoa, Wilaya ya Kilombero ina mkuu wa wilaya mmoja anayekaa Ifakara na kusimamia halmashauri mbili, ya Mji wa Ifakara na ya Wilaya ya Mlimba, wakati Ulanga na Malinyi kila moja ina mkuu wa wilaya na halmashauri yake.